Mtu Aliyeigawia Miji Ulinzi

Jioni taa za barabarani zilipowaka Kimihurura, mjini Kigali, watu wote waliendelea na safari zao. Yeye alisimama. Nilitembea naye kule mara nyingi, miguu yake ilipokuwa bado na nguvu, na kila mara alisimama kwenye kona ileile inayotazamana na jumba kubwa la mikutano, akaziangalia taa zikiwaka moja baada ya nyingine kupanda mlima. Aliziangalia kama mtu aliyekaribishwa chakula naye anajua kimetolewa kwenye sahani ya nani.

"Hizi ni zangu," aliniambia siku ya kwanza.

Nilidhani uzee umemzidi. "Zako vipi, Mzee?"

"Nilizigawa mimi. Twende."

Pale Rwezamenyo, mtaani kwetu, tulimwita Mgawaji. Jina lake tulilijua, ila halikumkaa vizuri mdomoni mwa mtu yeyote. Kabla ya kustaafu alikuwa na meza katika ofisi moja ya serikali, sitaitaja, na kazi yake ilikuwa kupendekeza jinsi pesa za ulinzi zitakavyogawanywa kati ya miji mikubwa ya nchi: Kigali ichukue kiasi gani, mji wa ziwani upate nini, ule wa kaskazini na ule wa kusini ibaki na nini. Alipenda kusema kwamba hakuamua kitu. "Mimi nilipendekeza tu. Wakubwa ndio walioamua." Siku nyingine, akiwa ameshiba na chai imemchangamsha, alijisifu kwamba miaka yote aliyofanya kazi mapendekezo yake yalirudi yamesainiwa bila kuguswa hata mkato. Yote mawili aliyaamini, na sidhani aliwahi kuyaweka pamoja.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nimebeba magunia Goma, nimeosha magari Kampala, nimeuza vocha za simu karibu kila kituo cha mabasi cha nchi hii. Rwezamenyo nilikuja nikidhani nitakaa mwezi, kisha nikapata kazi ya irondo, yaani doria ya mtaa, ile inayolipwa kwa michango ya wakazi. Nikakaa. Nilikaa kwa sababu ya koti la kazi, ambalo lilikuwa la kwanza kunitosha mabega, na kwa sababu ya huyu mzee, ambaye alijibu maswali yangu yote bila kuniuliza nilisoma wapi.

Baraza lake lilikuwa benchi la Mama Shemsa. Mama Shemsa aliuza chai na chapati kando ya barabara ya juu. Alikuwa mjane, hijabu yake imetoboka vitundu vidogo vya cheche za mkaa, na ulimi wake haukumwogopa mtu. Siku moja nilimwuliza Mgawaji pesa ya ulinzi inagawanywaje hasa. Akachukua chapati kwenye sahani iliyokuwa karibu.

"Hii ni pesa ya miji yote," akasema, akaikata karibu nusu. "Hii Kigali. Inatoka kwanza, haigombewi. Hapa ndipo wanapolala wageni. Mgeni akipokonywa mkoba Kigali, dunia nzima inasikia."

"Na hii iliyobaki?"

"Hii ni ya wengine wote." Akaanza kuchanachana. "Unaangalia mji una watu wangapi. Unaangalia una mali gani: benki, soko, mpaka. Halafu unaangalia matukio, yaani mji wenyewe umesema umeibiwa kiasi gani."

"Na mwizi akihamia mji mwingine, pesa inamfuata?"

Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Inamfuata! Ila inachelewa mwaka mzima."

Mama Shemsa alisimama juu yetu na mwiko. "Mumemaliza kugawa serikali?" akauliza. "Hiyo chapati iko na mwenyewe. Ameenda kunawa mikono."

Mwenyewe alikuwa Fiston, kinyozi mwenye kibanda mwisho wa ngazi za chini. Alirudi akakuta miji yake imetapakaa mezani, akakaa, akala Kigali kwanza.

Mgawaji alikulia Tanzania, kama wengi wa rika lake waliorudi nchini kutoka ukimbizini, na Kiswahili chetu kilimwumiza. "Iko, iko, iko," alitulalamikia. "Ninyi kila kitu kiko. Mtu iko, mvua iko, njaa iko." Lakini Kiswahili hichohicho ndicho kilichomleta Rwezamenyo. Binti yake alikuwa na nyumba nzuri Kibagabaga na chumba kilichomsubiri baba. Alikikataa. Alisema kule watu wanasalimiana kwa honi za magari.

Viatu vyake aliving'arisha kila asubuhi, hata siku za matope, hata siku ambazo hakutoka. Mlango hakuufunga kwa ufunguo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwanunulia watu wengine walinzi alilala mlango ukiwa umeegeshwa tu, na nilipomkemea kama mtu wa doria alinijibu, "Atakayeingia atakuta nini? Viatu. Na havimtoshi." Taa ya nje ya nyumba yake aliifungua akaitia kabatini. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, alimfuata mara kadhaa kuhusu taa hiyo.

"Muzehe, nyumba zote za mstari huu zinawaka. Yako peke yake giza. Unatutia aibu."

"Nimeshawaka vya kutosha, Mama," alisema. "Waacheni wengine nao."

Kitu chochote cha kugawana kikiletwa, nyama, ndizi, hata karanga, watu walimpa yeye agawe. Aligawa upesi na vizuri, kisha akajichukulia kipande kidogo kuliko vyote. Ukimsifu alikasirika, na si kasirani ya adabu. Siku moja dereva mmoja alimwambia, "Mzee wewe ni mtu wa haki kabisa." Mgawaji akaweka kipande chake mezani, akainuka, akaondoka bila kofia yake.

Kofia nilimpelekea mimi. Ndiyo siku aliyonieleza habari ya dada yake.

Katika miji ile, alisema, viongozi huahidi mwanzoni mwa mwaka, mbele ya wakubwa, mambo watakayotimiza, na usalama ni mojawapo. Mwisho wa mwaka hupimwa. Kiongozi ambaye mji wake umeibiwa sana ameshindwa, basi watu wake wanajifunza kutosema. Mji unaosema unaaibika lakini unapata pesa. Mji unaonyamaza unapigiwa makofi, na pesa yake inaenda kwingine. Mwaka mmoja mji wa ziwani ulileta taarifa safi: hakuna duka lililovunjwa, hakuna mtu aliyepigwa.

"Dada yangu ana duka la vitenge kwenye soko lao," alisema. "Lilivunjwa mara mbili mwaka huohuo. Alinipigia simu analia. Nilikuwa na kilio chake sikioni na taarifa yao mezani."

"Ukafanya nini?"

"Nikagawa."

"Si ungewapigia uwaulize?"

"Ningewapigia." Alizungusha kofia mikononi. "Mji usio na kitu ni rahisi kuugawia. Unapita upesi, unakwenda kwa unaofuata. Nilikuwa na miji mingi, na siku hiyo nilitaka kuwahi nyumbani."

Sehemu ya fungu la mji wa ziwani ndiyo iliyopandisha taa kwenye ule mlima wa Kimihurura. Kule sokoni walinzi wawili wa usiku wakapunguzwa akabaki mmoja, mzee, na rungu lake. Waliokuja kuvunja walimpiga. Mguu wake mmoja haujafanya kazi tangu hapo. Dada hakuwahi kumlaumu kaka yake, kwa sababu hakujua kaka yake kazini anafanya nini hasa. Kila mwezi alimtumia kwa basi mfuko wa isambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri. Mgawaji aliugawa wote mtaani. Sikumwona akila hata mmoja.

Watu watasema huyu alikuwa mtu mwenye majuto, na majuto humfanya mtu kuwa mwema. Sina hakika. Majuto yalimfanya awe na haraka. Akiona mtu anaonewa hakuweza kukaa, ilibidi afanye jambo palepale, kama mtu anayewahi basi lililokwisha kuondoka. Ndivyo ilivyokuwa katika habari ya Mama Shemsa.

Mama Shemsa aliishi chini, karibu na bonde. Kutoka kwake hadi benchi lake kuna ngazi ndefu za mawe, zimebanwa na kuta za nyumba pande zote mbili, na alizipanda alfajiri kabla ya jua ili wateja wa kwanza wakute chai tayari. Asubuhi moja alikuja na goti limechubuka, beseni la unga halipo. Alitusimulia mimi na Mgawaji huku akisukuma chapati, akaifanya kichekesho.

"Alinikamata hapa." Akagusa shingo. "Nikamwambia, baba, mimi ni bibi wa chapati, unataka nini? Akachukua simu, akachukua beseni. Sasa huyo mwizi naye atafungua hoteli!"

Tulicheka naye. Mgawaji hakucheka. "Umemwambia mkuu?"

"Nimwambie, halafu? Watasema mtaa wa chini ndio umeharibu." Mudugudu wetu ulikuwa unashindania kuwa wa mfano kwa usalama, na zawadi, televisheni ya ofisi, ilikwisha kuahidiwa. "Nitaona," akasema, akageuza chapati. "Nitaona nitakavyosema."

Alisema hivyo, nakumbuka. Sisi wawili tulisikia tu kwamba anaogopa.

Mwezi huohuo mtaa wetu uliletewa taa chache za sola na watu wachache wa nyongeza wa doria. Sharti lilikuja pamoja nazo: ziwekwe mahali palipotokea matukio. Mkuu alimwomba Mgawaji apendekeze mgawo, kwa sababu nani mwingine Rwezamenyo aliwahi kuigawia miji mizima? Alikataa. Akaombwa tena, akakataa. Mara ya tatu alisema atapendekeza mbele ya watu wote, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja tunayofanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Tulisafisha mitaro hadi saa tano, kisha tukakaa. Wanaume wakakaa kwenye ukingo wa saruji, wanawake mbele, kwenye mikeka, viatu vimepangwa pembeni. Mkuu akasimama.

"Wananchi, usalama wetu?"

"Ni wote!" tukajibu, yaani hakuna lililoharibika, tukapiga makofi.

"Mtaa wa juu?"

"Ni wote!"

"Mtaa wa chini?"

Mtaa wa chini nao ukasema ni wote, kwa sauti kubwa kuliko sisi. Mama Shemsa alikuwa ameinamisha kichwa, anashughulika na kitu miguuni. Mgawaji akamtazama, akanitazama mimi, akainuka.

"Si wote," alisema. "Mimi nimeibiwa."

Minong'ono ikatembea. "Lini, Muzehe?" mkuu akauliza.

"Wiki iliyopita. Alfajiri, kwenye ngazi za chini. Nilikuwa natembea, uzee haulali."

"Umeibiwa nini?"

Hapo alisita. "Saa," akasema, na mkono wa kushoto akautia mfukoni na mkono wa shati pamoja nao. Mimi nilikuwa ubavuni kwake. Mkanda wa saa niliuona ukizama.

Siwezi kueleza vizuri nilivyofurahi. Nilimwona mtu ambaye miaka yote alikubali uongo wa wengine kuwa ukweli, leo anautumia uongo wake kumpa mjane mwanga. Nilipiga makofi kabla ya wengine. Taa mbili zikaenda kwenye ngazi, na mlinzi mmoja akawekwa pale. Televisheni ikaenda mudugudu mwingine, na watu wa juu wakaacha kumsalimia Mgawaji. Hilo hakulijali. Alikaa benchini mgongo umenyooka.

Kilichomshangaza ni Mama Shemsa, ambaye hakusema asante. Alimwekea chai, akamwekea chapati, hakufanya mzaha hata mmoja.

"Ana haya," nilimwambia Mgawaji.

"Ana haya," alikubali.

Tulichosahau, yeye na mimi, ni kwamba akiwepo aliyeibiwa lazima awepo mwizi. Taarifa ilipanda kwa wakubwa, nao wakauliza: nani? Kibanda kilichokuwa karibu zaidi na ngazi ni cha Fiston. Fiston alifungua mapema, Fiston hakuwa na mke, Fiston alikuwa amenunua simu mpya. Tulitumwa tukamwite akahojiwe. Nasema tulitumwa kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa waliotumwa, na koti langu linalonitosha mabega.

"Sha, ndugu, wewe unanijua," aliniambia, mkasi bado mkononi.

"Ni maswali tu," nikamwambia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado hajarudi. Nilimkuta Mgawaji nyumbani kwake anang'arisha viatu. Nilipomwambia, aliendelea kupaka dawa kiatu kilekile muda mrefu, kisha akavaa, akavaa na koti, tukaenda ofisini kwa mkuu. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alivua saa, akaiweka mezani mbele yake.

"Saa ni hii," alisema. "Sikuibiwa. Nilidanganya. Mtoeni yule kijana."

"Muzehe," mkuu alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwalimu, "kwa nini?"

Angeweza kumtaja Mama Shemsa. Nilimwona akilifikiria. "Uzee," alijibu.

Fiston alitoka mchana. Hakumtazama yeyote kati yetu, akafungua kibanda, akanyoa wateja wake. Taa za ngazi zilishushwa kesho yake na kupandishwa barabara ya juu, mlinzi naye akahamishwa, kwa kuwa kule chini, kumbe, hakujatokea kitu. Mkuu akatangaza kwamba kuanzia sasa atakayedai kuibiwa kwenye zile ngazi alete mashahidi wawili. Alfajiri, kwenye ngazi za giza, mashahidi wawili. Mama Shemsa akaanza kupanda jua likiwa limetoka. Wateja wa mapema, wajenzi na waendesha pikipiki, wakahamia kwa muuza uji wa ng'ambo, na benchi likabaki na watu wa saa nne wanaokunywa kikombe kimoja na kukaa hadi adhuhuri. Mimi walinipanga zamu ya barabara ya juu. Huko ndiko ninakosimama hadi leo, chini ya taa zilizoondolewa kwenye ngazi za Mama Shemsa, na nguo zangu zinaonekana vizuri sana.

Binti alikuja na gari akamchukua baba yake. Hatukuagana. Nilisikia ameugua, amelazwa, ametoka.

Wiki iliyopita Mama Shemsa aliniambia, "Jumapili hii unipeleke kwa yule mzee wako."

"Kumfanya nini?"

"We' nipeleke."

Nyumba ya Kibagabaga ina ukuta na lango la chuma, na mlinzi aliyetuuliza majina yetu mara mbili. Mgawaji alikuwa amekaa barazani, amekonda, soksi miguuni. Binti alileta sharubati akatuachia nafasi. Mzee alianza mara moja, kabla hatujakaa sawa, kwa haraka yake ileile.

"Mama Shemsa, nisamehe. Nilitaka kukusaidia, nikaharibu. Wewe uliogopa kusema, mimi nikasema, na nikasema vibaya."

"Nani alikwambia niliogopa?"

Mzee akaweka glasi yake chini.

"Siku ile kwenye mkeka," Mama Shemsa alisema, "unafikiri nilikuwa nainama kutafuta nini? Nilikuwa navaa viatu, Muzehe. Nisimame mbele ya watu peku? Kimoja nilikuwa nimekwisha kuvaa. Natafuta cha pili, nasikia wewe umeibiwa saa."

Nilimtazama Mgawaji. Sijawahi kuona mtu akipokea kitu kizito hivyo akiwa amekaa. Alitazama sharubati yake, akatazama soksi zake.

"Sikukuuliza," alisema mwishowe.

"Hukuniuliza. Na huyu wako naye hakuniuliza, alipiga makofi."

Nilipata kazi ya kutazama bustani.

"Sasa Jumamosi ni umuganda," Mama Shemsa akaendelea. "Nitasimama. Nitasema nilikabwa, nitasema lini, nitasema wapi. Watasema ni uongo mwingine wa ngazi zilezile."

"Watasema," Mgawaji alikubali. "Wana sababu. Niliwapa mimi." Akainua kichwa, na nikaona haraka ile imerudi machoni. "Nitakuja. Nitawaeleza kwamba wewe ndiye uliyekabwa kweli, kwamba ile saa mimi nili..."

"Oya, hapana," Mama Shemsa alisema. "Hutaeleza kitu."

"Sasa nije kufanya nini?"

"Kukaa kimya. Wakuone umekaa hapo, mimi nazungumza, na wewe umenyamaza."

Mzee alifikiri jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri mgawo wowote. Mlinzi wa lango alikohoa. Ndani, binti alizima redio ili asikie, au ili tusijue anasikia.

"Na wakinicheka?"

"Watakucheka."

"Na wakikuita mwongo, nami nimekaa pale, najua ukweli, nisiseme?"

"Usiseme, Muzehe. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa."

Mikono yake ilishika magoti. Niliona jambo hilo lilivyomgharimu, zaidi ya kwenda kwa mkuu na saa ile.

"Nikae upande gani?" akauliza.

"Nyuma," alisema Mama Shemsa, akachukua mkoba wake. "Mbele patajaa."